Jedwali likijaa ndani ya diski pepe

Niko Lamu wiki hii, na vichochoro vyake vimenirudisha kwenye msimbo niliokuwa nausoma. Nyumba ya mawe hapa haipanuki ubavuni, maana jirani yuko ukutani. Binti akiolewa, unaongeza ghorofa juu, au unajenga wikio, kile chumba kinachovuka njia kwa juu hadi nyumba ya pili.

Jedwali ndani ya faili la diski pepe halina ujanja huo. Likijaa na ubavuni pana data, ni kuhama tu: unajenga kubwa zaidi mahali pengine, unanakili yaliyomo, unabadilisha anwani.

QEMU ilianzishwa na Mfaransa Fabrice Bellard mwaka 2003, na muundo wa qcow2 ukaja 2006. Humo mna jedwali la hesabu, linaloonyesha kila klasta ya faili inatumiwa mara ngapi. Sasa jamani, jedwali jipya nalo linakaa ndani ya klasta, na klasta hizo lazima zihesabiwe! Ni kama daftari la duka lililojaa: umenunua jingine, lakini ununuzi wenyewe uuandike wapi?

Msimbo wa zamani ulikwama hapo. Diski ikikataa kuandika katikati ya kazi, faili liliweza kuharibika. Mwaka 2010 Kevin Wolf aliona viraka havitoshi, akaiandika upya sehemu nzima. Sasa jedwali jipya huwekwa mbele ya eneo lote linalosimamiwa na la zamani, likiwa limeshajihesabu lenyewe. Likishafika salama kwenye diski, ndipo anwani iliyo kwenye kichwa cha faili hubadilishwa, kwa mwandiko mmoja. La zamani huachiliwa mwisho kabisa. Umeme ukikatika njiani unapoteza nafasi kidogo, basi.

Mimi katika draiva yangu ya mazoezi nilibadilisha kichwa kwanza, ndipo nikaanza kunakili. Programu ikazimika katikati, na faili halikufunguka tena. Nakala nyingine sikuwa nayo (msinicheke).

Kosa la aina hii si rahisi kulikuta kwa bahati. Kwa klasta za KB 64 na hesabu za biti 16, jedwali la klasta moja linatosha TB 16. Nani ana diski hiyo nyumbani? Ukitaka kuujaribu msimbo wenyewe, tengeneza faili lenye klasta za baiti 512. Hapo jedwali hujaa kwenye MB 8 tu.