Daftari la Shukrani

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Neno hili huambiwa wenye maduka, lakini linamfaa kila mtu. Wema tuliotendewa ni mali pia, na usipoandikwa hupotea vivyo hivyo.

Ushahidi wa jambo hili upo hapa kwetu Eldoret. Baada ya uchaguzi wa tarehe 27 Desemba 2007, nchi yetu iliingia katika fujo kubwa. Tarehe 1 Januari 2008 kanisa la Kiambaa, nje kidogo ya mji, lilichomwa moto na ndani yake wamo watu waliokimbilia usalama. Maelfu walipiga kambi katika Uwanja wa Maonyesho. Tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki ilitoa taarifa yake Oktoba 2008, ikahesabu watu 1,133 waliokufa nchini. Ilikuwa haki mabaya hayo yaandikwe, maana taifa lisilotaka kuyasoma makosa yake huyarudia. Lakini tume huundwa kuchunguza madhara. Nani basi ataandika habari za waliookoa?

Wakati huo nilikuwa nimemaliza kidato cha pili. Mama yangu alikuwa akiuza maziwa, na daftari la wateja wake ni katika vitu vichache alivyotoka navyo nyumbani. Tulipofika kambini alilifungua kurasa za nyuma, akaandika: jirani, usiku 2 katika ghala lake la mahindi, mwenye lori, alitufikisha mjini bila nauli, mwanamke nisiyemjua jina, blanketi 1.

Nilikasirika nikamwuliza, “Mama, waandika wema, na nyumba yetu ni majivu?”

Akanijibu, “Mwanangu, nyumba nitaikumbuka bila kalamu. Haya nisipoyaandika, hasira itayafuta.”

Jirani yule alikuwa wa kabila tuliloambiwa kuwa ni adui zetu. Mapatano ya amani yalitiwa sahihi tarehe 28 Februari 2008, na miezi kadhaa baadaye mama alilichukua daftari lake, akaenda kumshukuru kila mmoja aliyeweza kumpata. Alipokwisha kushukuru alipiga mstari juu ya jina, kama mtu afutaye deni. Mstari wa mwanamke wa blanketi haujapigwa hata leo.

Kama ningaliulizwa mimi historia ya siku zile, ningalisimulia moshi tu, na kusema kweli nusu. Daftari la mama lilihifadhi nusu ya pili. Wala halikuficha ya kwanza, kwani katika kurasa zile zile aliandika ng'ombe walioibwa na mali iliyoteketea. Shukrani haichukui mahali pa haki. Huzuia tu chuki isimwandikie mtu historia yake yote.

Wanafunzi wataniuliza namna ya kudumu katika kazi hii. Na watazame Kaptagat, karibu na mji wetu. Huko mkimbiaji Eliud Kipchoge alijizoeza kuandika kwa mkono mazoezi yake ya kila siku, desturi aliyoianza mwaka 2003, mwaka aliposhinda mita 5,000 katika mashindano ya dunia mjini Paris. Tarehe 12 Oktoba 2019 alikimbia masafa ya marathoni mjini Vienna kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Daftari halikumpa miguu, lakini lilimwonyesha njia aliyopita hatua kwa hatua.

Fanya vivyo hivyo. Chukua daftari la kawaida la shule. Kila usiku andika tarehe, jina la mtu, na jambo alilokutendea. Mistari 2 yatosha. Usiandike kwamba wawashukuru watu wote, kwa sababu ashukuruye wote kwa jumla hajamshukuru hata mmoja. Siku ikiwa mbaya, iandike kuwa mbaya, kisha utafute ndani yake mkono uliokushika. Ukikosa siku moja, endelea kesho bila haya. Na wakati ungalipo, mwendee mtu huyo umwambie ahsante, usije ukabaki na jina ambalo huwezi kulipigia mstari.

Kalamu ipo mkononi mwako. Anza usiku huu.