Ufuatiliaji wa mawasiliano kwenye simu ya mtoto na simu ya kazi

Ufuatiliaji wa mawasiliano kwenye simu ni kitendo cha mtu kuangalia namba zilizohifadhiwa katika simu inayotumiwa na mtu mwingine, pamoja na watu wanaowasiliana na simu hiyo. Hufanywa kwa kutumia mipangilio ya simu yenyewe au programu maalumu. Wafuatiliaji wakubwa ni wazazi, juu ya simu za watoto wao, na waajiri, juu ya simu walizowapa wafanyakazi. Wote wawili hutoa hoja moja: simu ni mali yangu, nimeinunua mimi. Hoja hiyo ina uzito lakini haitoshi, kwa sababu kila mazungumzo yana upande wa pili, na mtu wa upande huo hakupewa simu na mzazi wala na mwajiri huyo.

Yanayoonekana na yasiyoonekana

Mfuatiliaji anaweza kuona orodha ya majina na namba, rekodi za simu zilizopigwa na kupokelewa, saa na muda wa kila simu, na wakati mwingine ujumbe mfupi wenyewe. Simu zinazopigwa kupitia WhatsApp hazimo katika rekodi za kampuni ya simu, na maneno yake hulindwa kwa usimbaji fiche kutoka simu hadi simu. Programu za ufuatiliaji huyapata kwa njia nyingine, yaani kwa kuyasoma ndani ya simu yenyewe, yakiwa yamekwisha kufunguliwa.

Orodha ya majina peke yake ni ushahidi dhaifu. Jina huandikwa na mwenye kuitumia simu, naye anaweza kumwita mtu yeyote "Mwalimu wa Hesabu" au "Shangazi Moshi". Wanafunzi ni mabingwa wa mbinu hii tangu siku za simu za vitufe. Kinachosema zaidi ni namba, idadi ya simu na saa zake: namba ngeni inayopiga kila siku saa 6 usiku inahitaji maelezo hata kama imehifadhiwa kwa jina la heshima.

Katika Afrika Mashariki ujumbe mfupi una jambo la ziada. Ujumbe wa M-Pesa na huduma nyingine za fedha huonyesha jina la aliyetuma au kupokea pesa, kiasi na mara nyingi salio. Mwajiri anayesoma ujumbe wa simu ya kazi, ikiwa ina laini ya mfanyakazi pia, anaweza kujikuta ameona mchango wa msiba, deni la dukani na ada ya mtoto, mambo yasiyohusiana na kazi hata kidogo.

Simu ya mtoto

Mifumo mikuu ya simu ina vifaa vya wazazi visivyohitaji programu ya pembeni. Google ilianzisha Family Link mwaka 2017, na Apple ilileta Screen Time mwaka 2018. Tangu toleo la iOS 13.3 la Desemba 2019, mzazi anaweza kuamua mtoto awasiliane na namba zipi tu. Njia hii ya kuweka mipaka ni tofauti na kusoma mazungumzo, na kwa mtoto mdogo mara nyingi inatosha.

Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 unazungumzia pande zote mbili. Ibara ya 5 inatambua wajibu wa wazazi kumwongoza mtoto kulingana na uwezo wake unaokua. Ibara ya 16 inakataza faragha na mawasiliano ya mtoto kuingiliwa kiholela. Kwa hiyo lililo sahihi kwa mtoto wa miaka 8 si lazima liwe sahihi kwa kijana wa miaka 16.

Mwaka 2021 Kamati ya Haki za Mtoto ya Umoja wa Mataifa, katika Maoni ya Jumla Na. 25, ilionya pia kwamba ufuatiliaji usiofanywa kwa uangalifu unaweza kumzuia mtoto kufikia namba za msaada. Hatari hii ni ya kweli. Mtoto anayeteswa na mtu wa nyumbani mwake hatapiga simu ikiwa anajua rekodi inasomwa na mtu huyohuyo. Kenya, Tanzania na Uganda zina namba 116 ya kuwasaidia watoto. Mzazi anayeweka orodha ya namba zinazoruhusiwa anapaswa kuiingiza humo.

Simu ya kazi

Makampuni hutumia programu za usimamizi wa simu zinazoweza kulazimisha nenosiri, kuweka programu za kazi na kufuta kila kitu simu ikiibiwa. Android, tangu toleo la 5.0 la mwaka 2014, inaruhusu kutenganisha sehemu ya kazi na sehemu binafsi. Katika simu ya mfanyakazi mwenyewe, mwajiri husimamia sehemu ya kazi tu.

Kesi mbili hutajwa mara kwa mara. Katika City of Ontario dhidi ya Quon (2010), Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba mji huo wa California haukukosea kusoma ujumbe wa askari polisi katika kifaa cha kazi, kwani ulikuwa na sababu ya kikazi na upekuzi haukuvuka mipaka. Katika Bărbulescu dhidi ya Romania, mfanyakazi alifukuzwa mwaka 2007 baada ya mwajiri kurekodi ujumbe wake kwa ndugu na mchumba kupitia akaunti iliyofunguliwa kwa ajili ya wateja. Alishindwa mwanzoni, lakini tarehe 5 Septemba 2017 Baraza Kuu la Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu lilimpa ushindi kwa kura 11 dhidi ya 6. Hoja kubwa haikuwa nani mwenye kifaa. Mahakama iliuliza kama mfanyakazi aliarifiwa mapema kwamba atafuatiliwa na kwa kiasi gani, na kama ilikuwapo njia nyepesi zaidi.

Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Sheria ya Kenya haihusu shughuli za mtu binafsi au za nyumbani tu, hivyo humgusa mwajiri kuliko mzazi.

Programu za siri

Programu zinazojificha ndani ya simu mara nyingi huuzwa kwa jina la kulinda watoto, kisha hutumiwa kumpeleleza mume, mke au mchumba. Google ilizipiga marufuku katika duka lake la Play kuanzia Oktoba 2020. Programu ya mzazi au mwajiri inaruhusiwa ikiwa inaonyesha wazi kwamba inafuatilia. Mwaka 2021 Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani iliifungia SpyFone isifanye tena biashara ya upelelezi. Miaka mitatu kabla, mdukuzi alikuwa ameingia katika seva yake na kuchukua taarifa za wateja wapatao 2,200. Anayemwekea mtoto programu ya aina hii humkabidhi mgeni picha, namba na mahali alipo mtoto huyo.

Simu inaporudishwa

Mfanyakazi anapoacha kazi, namba zilizohifadhiwa katika akaunti ya kampuni hubaki kwa kampuni, zikiwemo za mama yake ikiwa alizichanganya. Akifuta kila kitu kabla ya kurudisha simu, anaweza kupoteza pia orodha ya wateja na kuzua mgogoro. Ni rahisi zaidi kutumia akaunti mbili tangu siku ya kwanza.