Kukitambua Kimelea kwa Vazi Lake

Mwanzoni mwa karne ya 20, malale yalipoangamiza watu kuzunguka Ziwa Victoria hadi bonde la Semliki, daktari alianza kwa kumpapasa mgonjwa shingo. Akikuta tezi zimevimba, alizitoboa, akavuta majimaji na kuyaweka chini ya hadubini. Wengi hawakugunduliwa, kwa kuwa vimelea vya ugonjwa huo huwa vichache mno.

Ujanja wa vimelea hivyo ulieleweka vizuri mwaka 1975, George Cross wa Cambridge alipotenganisha protini inayokifunika kimelea mwili mzima. Ni vazi: kingamwili zikishalizoea, baadhi ya vimelea huwa vimeshavaa jingine. Hata hivyo, karibu kila mgonjwa wa malale ya aina ya gambiense hukutana wakati fulani na vazi moja, LiTat 1.3. Mwaka 1978 Magnus na wenzake wa Antwerp walilitumia hilo. Tone la damu huchanganywa kwenye kadi na vimelea vilivyokufa, vimetiwa rangi ya buluu. Kadi huzungushwa dakika tano. Vikishikana madonge, mtu hushukiwa, kisha hadubini huthibitisha. Kwa kadi hiyo timu za kuhamahama zilipima vijiji vizima vya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Mwaka 1998 nchi hiyo ilisajili wagonjwa zaidi ya 26,000. Mwaka 2020 hawakufika 400.

Kadi ilihitaji friji na jenereta, na chupa moja ilitengwa kwa watu wapatao 50. Hilo lilikuwa zito katika mkoa wa Ituri nchini humo, ambako vita hutawanya kijiji kwa usiku mmoja. Vipimo vya mtu mmojammoja vilivyofuata vilikuwa nafuu kubwa.

Katika mji wa Bunia, huko Ituri, vipimo vya namna hiyo leo hutumika kwa malaria: mtoto mwenye homa hutobolewa kidole na mama husubiri mstari wa pili kwenye kipimo. Hapo hutafutwa HRP2, protini ambayo kimelea cha malaria huimwaga kwenye damu. Lakini Eritrea ililazimika kubadili vipimo mwaka 2016, kwa sababu baadhi ya vimelea vilikuwa vimepoteza jeni ya protini hiyo na bado vinaua. Kutegemea protini moja ni hatari, na wanaonunua vipimo wanapaswa kulizingatia kila mwaka.

Usubi, yaani upofu wa mtoni, nao una protini yake ya kupimia, Ov16. Katika vijiji vya Logo, wilayani Mahagi huko Ituri, ugonjwa huo umehusishwa na kifafa cha watoto. Kingamwili za Ov16 hudumu miaka, hivyo kwa mtu mzima hazisemi aliambukizwa lini. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani huangalia watoto wa chini ya miaka 10: wenye kingamwili kuwa pungufu ya asilimia 0.1 ni mojawapo ya masharti ya kusimamisha ugawaji wa dawa ya ivermectin.