Ofisi za Pamoja za Nairobi Kabla na Baada ya Janga la UVIKO-19

Ofisi ya pamoja, yaani mahali ambapo watu wasio na mwajiri mmoja hukodi meza, umeme na intaneti kwa siku au kwa mwezi, ilianza kujulikana katika jiji la San Francisco mwaka 2005, Brad Neuberg alipofungua ukumbi wa namna hiyo kwa ajili ya wafanyakazi wa kujitegemea waliotaka uhuru wa kupanga kazi zao bila kuukosa ujirani wa wenzao. Nairobi ilipolipokea wazo hilo miaka mitano baadaye, haikusukumwa na upweke wa wafanyakazi bali na uhaba wa nyenzo, na tofauti hiyo ya chanzo ndiyo inayoeleza kwa nini janga la UVIKO-19 lilizigeuza ofisi za jiji hilo kwa namna yake.

Hadi katikati ya mwaka 2009 pwani ya Afrika Mashariki haikuwa na mkongo wowote wa baharini, yaani waya wa nyuzi za kioo unaosafirisha mawasiliano chini ya bahari, kwa hiyo intaneti ya kimataifa ilipitia kwenye setilaiti, ikawa ghali na ya polepole, na raia wa kawaida aliipata katika saiba, yaani mkahawa wa intaneti, kwa kulipia dakika. Mkongo wa SEACOM ulipoanza kufanya kazi Julai 2009, na ule wa TEAMS ulipotandazwa kutoka Fujairah katika Falme za Kiarabu hadi Mombasa, bei ilianza kushuka. Lakini kufika kwa mkongo Mombasa hakukuwa sawa na kufika kwake katika chumba cha kupanga cha kijana wa mitaa ya Nairobi kama Umoja au Kayole, ambaye hata akiwa na ujuzi wa kuandika programu za kompyuta hakuwa na pa kuufanyia kazi.

Pengo hilo ndilo lililozibwa na iHub, iliyofunguliwa Machi 2010 katika jengo la Bishop Magua kando ya Ngong Road. Mwanzilishi wake, Erik Hersman, alikuwa mmoja wa waanzilishi wa Ushahidi, jukwaa lililoundwa mapema mwaka 2008 ili kukusanya na kuonyesha kwenye ramani taarifa za ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, na fedha za kuanzia zilitoka kwa wafadhili, wakiwamo Omidyar Network na Hivos. Ufadhili huo uliwezesha mpango wa uanachama wenye ngazi tatu zilizotambulishwa kwa rangi: mwanachama mweupe alishiriki kwa njia ya mtandao tu, wa kijani aliyekubaliwa aliutumia ukumbi na intaneti yake bila malipo, na mwekundu alilipia meza yake mwenyewe. Ngazi ya kijani inastahili kuangaliwa kuliko nyingine, kwa sababu ilimketisha mwanafunzi asiye na kipato karibu na mhandisi mzoefu na mwekezaji aliyepita kutafuta kampuni changa, hata ujuzi ukawa unapokezwa mezani, pasipo ada wala mtaala. 

Vituo vya namna hiyo vilifunguliwa katika miji jirani pia: Kampala ilipata Hive Colab mwaka uo huo wa 2010, Dar es Salaam ikawa na Buni chini ya Tume ya Sayansi na Teknolojia, na Kigali ikafungua kLab mwaka 2012. Hata hivyo, fedha za wafadhili hazidumu; kodi ya nyumba inadumu. Kadiri miaka ilivyosonga, ofisi za pamoja za Nairobi zilielemea kwa wapangaji wanaolipa, na Septemba 2019 iHub yenyewe ilinunuliwa na CcHUB, kituo cha ubunifu cha Lagos, miezi michache tu kabla ya ugonjwa mpya kuzuka.

Kisa cha kwanza cha UVIKO-19 nchini Kenya kilitangazwa tarehe 13 Machi 2020, na siku mbili baadaye Rais Uhuru Kenyatta aliagiza shule zifungwe na kuwahimiza waajiri wawaruhusu wafanyakazi wafanyie kazi nyumbani, isipokuwa wale wa huduma za lazima. Kafyu ya usiku ilianza tarehe 27 Machi, na tarehe 6 Aprili eneo zima la Nairobi likafungwa, hakuna kuingia wala kutoka, hadi Julai. Tanzania ilifuata njia nyingine: ilifunga shule na vyuo lakini haikuwafungia watu majumbani, na kwa hiyo mabadiliko ya mahali pa kazi hayakuwa ya ghafla kama ya jirani yake. Kwa biashara ambayo bidhaa yake ilikuwa ukaribu wa watu, amri za Nairobi ziligusa kiini chenyewe cha huduma.

Kazi ya mbali, yaani kazi inayotekelezwa nje ya ofisi ya mwajiri na kuwasilishwa kwa njia ya mawasiliano, haikuwa fikra mpya. Jack Nilles aliichunguza kule Marekani tangu mwaka 1973, kama dawa ya msongamano wa magari. Kilichokuwa kipya ni kwamba taasisi zilizokuwa zimeipinga kwa muda mrefu zililazimika kuikubali ndani ya wiki chache. Mahakama za Kenya, zilizojulikana kwa mafaili ya karatasi, zilianza kusikiliza mashauri kwa video, na tarehe 1 Julai 2020 uwasilishaji wa kesi kwa mtandao ulianza rasmi Nairobi. Mwezi huo huo kampuni ya Loon ilirusha maputo ya kusambaza intaneti katika baadhi ya maeneo ya Kenya kwa kushirikiana na Telkom, mradi uliosifiwa sana kisha ukakatizwa mwaka uliofuata. Wakati huohuo, kampuni za mawasiliano ziliendelea kuvuta mkongo hadi kwenye nyumba za mitaa yenye uwezo, na hapo ndipo sababu ya kwanza ya kuwapo kwa ofisi za pamoja ilipoanza kuyeyuka kwa tabaka la kati.

Faida ya kufanyia kazi nyumbani haikugawanyika sawasawa. Wanafunzi wengi walikaa nyumbani hadi Januari 2021, na mama aliyefanya kazi ya ofisi mezani pa chakula aliongezewa ualimu, upishi na ulezi, huku tarakilishi moja ikigombewa na watu watatu. Kwa familia zinazoishi katika chumba kimoja, agizo la kufanyia kazi nyumbani halikuwa na maana yoyote, kwa kuwa vibarua, mama mboga na makondakta hawana kazi inayoweza kutumwa kwa waya.

Kafyu ilipoondolewa tarehe 20 Oktoba 2021, ofisi za pamoja zilikuwa zimepata mteja wa aina nyingine. Kampuni zilizokuwa zimezoea kukodi ghorofa nzima zilipendelea sasa mkataba mfupi wa meza chache, wafanyakazi wao wakija kwa zamu chini ya mpango wa mseto, yaani siku kadhaa ofisini na nyingine nyumbani. Hata hivyo, upanuzi wa kasi haukuwa dhamana ya kudumu katika biashara hii, kwani WeWork ya New York, kampuni ya ofisi za pamoja iliyothaminiwa kuwa dola bilioni 47 mwanzoni mwa mwaka 2019, iliomba ulinzi wa sheria ya kufilisika Novemba 2023. Ofisi za Nairobi zilizojifunza kuzihudumia kampuni zilipata njia ya kuendelea, lakini kuendelea huko kulikuwa na gharama ambayo haionekani katika hesabu zao: kiti cha bure cha kijana wa ngazi ya kijani kilitoweka, na intaneti ya nyumbani haiwezi kukirudisha, maana kilichokuwa kikipatikana pale ni watu wa kumfunza kijana, si waya pekee.

Serikali ya Kenya imeahidi vituo vya kidijitali katika wadi zake zote 1,450. Wanaovisimamia wanapaswa kuisoma historia ya Ngong Road kwa makini, wasiridhike na kupanga kompyuta ukutani, bali wawaweke humo wataalamu wanaolipwa kukaa na vijana siku nzima, na wauache mlango wazi kwa asiye na ada.