Mungu wa hoja kandokando ya Nam Lolwe

Desemba 1968, mji wa Kisumu, kando ya Nam Lolwe, yaani Ziwa Viktoria, ulikuwa na tamasha la sanaa. Mwanzilishi wake alikuwa Mwacholi kutoka Gulu, Okot p'Bitek, mshairi aliyeondoka Uganda na kupata kazi ya kufundisha watu wazima magharibi mwa Kenya. Wengi humkumbuka kwa utenzi wake "Song of Lawino". Wachache hukumbuka kwamba miaka hiyohiyo alikuwa akiandaa hoja kali kuhusu Mungu wa Waafrika, na kwamba Kisumu haikuwa ngeni kwa mjadala huo.

Mjadala wenyewe haujafa. Nenda Milimani, mtaa wa Kisumu wenye miti mikubwa na nyumba zenye nyua pana. Atakayesema pale kwamba anamwamini Muumba ila hahitaji kanisa, mtume wala muujiza, ataambiwa amelewa vitabu vya Wazungu. Historia ya ufuo huu inasimulia mengine.

Ni kweli kwamba imani hiyo, udeisti, ilipata jina lake Ulaya. Mwingereza Herbert wa Cherbury aliiwekea misingi mwaka 1624, Voltaire akaieneza Ufaransa, naye Thomas Paine akaitetea kwa lugha ya watu wa kawaida katika "The Age of Reason", kitabu kilichoanza kutoka mwaka 1794. Kiini chake ni kimoja: akili ikiutazama ulimwengu inatosha kumtambua Mungu, na hakuna kitabu wala kasisi mwenye hakimiliki juu yake.

Dini ya kale ya Wajaluo, wenyeji wa ufuo huu, haikuwa hivyo, na tusijidanganye. Wazee waliamka alfajiri wakalielekea jua linalochomoza na kumwomba Nyasaye, Mungu wao, baraka. Hakuwa Mungu aliyeumba kisha akajiondokea, kwani aliombwa mvua, watoto na afya. Juogi, yaani roho, nao walikuwa na nguvu zao katika maisha ya watu, na marehemu hawakusahauliwa. Anayedai kwamba babu zetu walikuwa wadeisti anawavika koti ambalo hawakulishona.

Ila kuhoji mafundisho yaliyoletwa kulianza mapema. Reli ilifika ziwani Desemba 1901, wamisionari wakafuata, na mwaka 1906 Waanglikana wakafungua shule Maseno. Mwaka mmoja tu baadaye Yohana Owalo, aliyewahi kuwa Mkatoliki, alitangaza kwamba Mungu amemwita. Akakataa Utatu, akafundisha kwamba Yesu si Mungu, na kutokana na mahubiri yake likazaliwa kanisa la Nomiya, ambalo wanahistoria hulitaja kuwa la kwanza la Waafrika kujitenga na misheni nchini Kenya. Huyo naye hakuwa mdeisti, maana alitegemea maono, na maono ndiyo asiyoyakubali mdeisti. Alichothibitisha ni kwamba Mjaluo aliyefunzwa Biblia aliweza kuipima mwenyewe na kutoa hukumu yake.

Miaka sitini baadaye, Okot alikuja na swali gumu zaidi. Profesa John Mbiti, katika "African Religions and Philosophy" cha mwaka 1969, alikuwa ameeleza kwamba Waafrika walimjua Mungu mmoja Muumba hata kabla ya misheni. Okot akapinga. Kwake, wasomi wa aina hiyo walikuwa wameichukua miungu ya Kiafrika na kuivalisha kanzu za Wagiriki: mwenye enzi yote, ajuaye yote, wa milele. Alisema mwanakijiji hakujishughulisha na sifa hizo. Alichotaka kujua ni nini kimemletea ugonjwa au ukame, na afanye nini.

Jibu lilitoka kwa wazee wenyewe. Katika miaka ya 1970 Henry Odera Oruka, mwanafalsafa wa Chuo Kikuu cha Nairobi aliyezaliwa Nyanza na kusomea Uppsala, alianza kuwahoji wazee wenye busara. Hakutaka methali wala desturi. Kila jibu alilifuatisha swali: kwa nini wasema hivyo? Mahojiano hayo yalitoka mwaka 1990 katika "Sage Philosophy".

Humo yumo Paul Mbuya Akoko, Mjaluo aliyezaliwa mwaka 1891. Alisema Mungu ni mmoja kwa watu wote, na Mzungu alikosea kudhani kwamba wa Wajaluo ni mwingine. Ushahidi wake haukutoka katika andiko lolote. Maumbile, alisema, yana utaratibu mmoja, na kama miungu ingekuwa mingi ingepingana, na ulimwengu ungevurugika. Baba yake Oruka, mzee Oruka Rang'inya, alifika mbali zaidi: ni kosa kumfanya Mungu kama mtu, kwa kuwa Mungu ni wazo la wema wenyewe. Voltaire angeitambua hoja ya Mbuya mara moja. Ya Rang'inya ingemkosesha usingizi.

Leo Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inamkiri Mungu Mwenyezi wa viumbe vyote bila kutaja Yesu wala Mtume. Kifungu cha 8 kinasema hakuna dini ya taifa, na cha 32 kinalinda uhuru wa dhamiri. Ila katika sensa ya mwaka 2019, wasio na dini waliwekwa safu moja na wasioamini Mungu, wote pamoja watu 755,750. Mwenye imani ya Mbuya hana safu yake. Mazishini pia hana, kwa sababu jeneza likifika nyumbani, watu huuliza ni kanisa gani litaongoza ibada.

Kwa hiyo mkazi wa Milimani mwenye imani hiyo hana haja ya kuiombea radhi kana kwamba ameiazima, wala hana ruhusa ya kudai kwamba kijiji kizima kiliwahi kuamini kama yeye. Urithi alioachiwa ni swali la Oruka, na linamdai jibu kama lilivyowadai wazee: kwa nini wasema hivyo?