Mchezo Kabla ya Pazia Kufunguliwa

Watu wana desturi ya kukata shauri juu ya jambo ambalo macho yao hayajaliona. Bibi arusi husemwa kabla hajashuka garini, na mchezo wa kuigiza husifiwa au hutukanwa kabla pazia halijafunguliwa. Vijana wa Tuala, Rongai na Kitengela wanalijua jambo hili vizuri. Tangazo la mchezo mpya wa nyimbo likitokea katika simu zao, huwa wamekwisha kugawanyika makundi mawili kabla ya usiku wa kwanza. Hawa husema kwamba mwimbaji fulani hastahili nafasi aliyopewa. Wale huapa kwamba mfano wake haujapata kuonekana. Katika wote hao hapana hata mmoja aliyesikia wimbo kutoka mwanzo hadi mwisho.

Wazee hulaumu simu kwa tabia hii. Lawama hiyo, kwa maoni yangu, si ya haki. Ni kweli kwamba mnamo Aprili 2025 simu zilijaa mabishano juu ya mchezo wa wasichana wa shule ya Butere ulioitwa Echoes of War, ambao mtungaji wake alikuwa Cleophas Malala, aliyepata kuwa seneta wa Kakamega. Mchezo ulikatazwa, kesi ikapelekwa Mahakama Kuu, mahakama ikaamuru uchezwe. Na tarehe 10 Aprili, huko Nakuru, wasichana wale waliimba wimbo wa taifa kisha wakaondoka jukwaani bila ya kuigiza. Nje ya ukumbi polisi walitumia moshi wa kutoa machozi. Nchi nzima ilibishana juu ya mchezo huo, na wengi wa waliobishana hawakuwa wameuona. Lakini historia yetu ina habari nyingine za namna hii, za zamani zaidi, wakati habari zilipotembea kwa miguu, kwa magazeti na kwa matatu. Yafaa wanafunzi wazijue.

Katikati ya Nairobi, karibu na hoteli ya Norfolk, liko Jumba la Michezo la Taifa. Lilifunguliwa mwezi wa Novemba 1952, majuma machache tu baada ya serikali ya kikoloni kutangaza hali ya hatari. Jina lake lilikuwa la taifa, lakini kwa miaka mingi, hata baada ya uhuru, michezo mingi iliyochezwa humo ilikuwa ya wageni. Mwaka wa 1976 jambo hili lilizusha ugomvi. Kenya ilikuwa inajitayarisha kupeleka michezo miwili katika sikukuu kubwa ya sanaa za Waafrika, iliyofanyika Lagos mwaka wa 1977: mmoja juu ya kesi ya Dedan Kimathi, ulioandikwa na Ngugi wa Thiong'o na Micere Mugo, na wa pili Betrayal in the City, wa Francis Imbuga. Wachezaji walipoomba nafasi katika jumba la taifa lao, waliambiwa kwamba siku zimejaa. Miongoni mwa michezo iliyokuwa imezichukua siku hizo ulikuwako mchezo wa nyimbo wa Kimarekani wa kuchekesha, uliokwisha kupata umaarufu New York tangu mwaka wa 1962. Michezo ya wenyeji ikapewa siku chache tu.

Basi wapenzi wa michezo wakashikana kwa maneno. Wapo waliosema kwamba jumba ni la mwenye kuomba kwanza; wapo waliouliza taifa ni la nani. Mabishano hayo hayakuhusu uzuri wa mchezo wowote, kwa maana yalikwisha kuwaka kabla mchezo wa Kimathi haujaonekana. Ulipochezwa mara ya kwanza, usiku wa tarehe 20 Oktoba 1976, watazamaji waliinuka mwishoni wakaandamana na wachezaji wakiimba mpaka nje barabarani. Nadhani usiku ule ulijibu maswali mengi kuliko barua zote.

Lakini mfano ulio bora, nao ndio hasa ulionifanya niandike insha hii, watoka Limuru. Katika kijiji cha Kamiriithu wenyeji walikuwa na kituo chao cha elimu na utamaduni. Waliwaomba Ngugi wa Thiong'o na Ngugi wa Mirii wawaandikie mchezo kwa Kikuyu, lugha yao. Mwaka wa 1977 maandishi ya kwanza yaliletwa, yakasomwa mbele ya watu, na mazoezi yakaanza mahali pa wazi ambapo kila apitaye aliweza kusimama akatazama. Mchezo huo ulikuwa Ngaahika Ndeenda, maana yake Nitaolewa Nikipenda.

Hapo mabishano yalikuwa ya namna nyingine kabisa. Wazee walisimamisha mazoezi wakisema kwamba mzee hasemi hivi, haya ni maneno ya kijana. Akina mama walionyesha jinsi nyimbo za arusi za zamani zilivyokuwa zikipokezanwa, na wakikosana wao kwa wao juu ya wimbo, iliwapasa kwanza wapatane. Wafanyakazi wa kiwanda cha viatu cha Bata kilicho jirani walieleza jinsi kazi na mshahara vilivyo kwa kweli. Palihitajika bunduki za kuigiza, na kumbe kijijini walikuwako watu waliopata kutengeneza bunduki halisi wakati wa vita vya Mau Mau. Wakazitengeneza za mchezo kwa mikono ile ile. Jukwaa na viti vya watu wapatao 2,000 vilijengwa na wanakijiji wenyewe. Siku ya kufunguliwa ilipofika, tarehe 2 Oktoba 1977, wengi wa watazamaji waliyajua maneno ya wachezaji kwa moyo.

Tazama basi tofauti. Mwenye kulaumu maneno ya mzee katika mazoezi ya Kamiriithu alikuwa ameyasikia kwa masikio yake, na siku ya pili alirudi kuona kama yametengenezwa. Lawama yake ilikuwa kazi, kama ya seremala apigaye randa mbao isiyonyoka. Mwenye kulaumu mchezo asiouona hana mbao mbele yake. Randa yake yapita hewani.

Mchezo haukudumu. Mwezi wa Novemba 1977 serikali iliondoa ruhusa yake, na siku za mwisho za Desemba Ngugi wa Thiong'o alikamatwa, akawekwa kizuizini hata Desemba 1978.

Watu wa Kamiriithu hawakukata tamaa. Waliporudi kazini walitayarisha mchezo wa nyimbo, Maitu Njugira, maana yake Mama Niimbie. Ulisimulia habari za Kenya chini ya ukoloni, wakati mfanyakazi alipolazimishwa kuvaa kipande shingoni, na sehemu kubwa ya hadithi ilielezwa kwa nyimbo na ngoma za makabila mbalimbali ya nchi hii. Safari hii walikusudia kuuchezea katika Jumba la Michezo la Taifa, na siku iliyowekwa ilikuwa tarehe 19 Februari 1982.

Sheria ya wakati ule ilitaka mchezo upewe leseni kabla ya kuonyeshwa hadharani. Wachezaji waliomba. Hawakukubaliwa wala hawakukataliwa kwa maandishi, walingojeshwa tu. Siku yao ilipofika walikuta milango ya jumba imefungwa. Hapa mwanafunzi afikiri kidogo: kukataliwa kuna maneno, na maneno yaweza kujibiwa, kufungiwa mlango kimya kimya hakuna cha kujibu. Waliouhukumu mchezo huu hawakupata kueleza wimbo gani ulio mbaya, wala ubaya wake ni upi.

Wachezaji wakahamia Chuo Kikuu cha Nairobi wakaendelea na mazoezi. Mazoezi hayahitaji leseni, na mlango wa mazoezi ukiachwa wazi hapana wa kumzuia mpita njia. Habari zilienea. Watu walikodi mabasi na matatu kutoka Limuru na kwingineko, wakajaza viti, ngazi na madirisha, usiku baada ya usiku. Yakadiriwa kwamba zaidi ya watu 10,000 waliona mazoezi hayo kabla chuo hakijaamriwa kuufunga mlango wake pia. Kwa hiyo mchezo ambao haukufunguliwa ulitazamwa na watu wengi kuliko michezo mingi iliyofunguliwa kwa tarumbeta.

Mwezi wa Machi 1982 kituo cha Kamiriithu kilipigwa marufuku, na polisi waliokuja kwa malori walilibomoa jukwaa lile lililojengwa na wanakijiji. Katika mwaka huo huo Ngugi wa Thiong'o alianza maisha ya uhamishoni. Ngugi wa Mirii alikwenda Zimbabwe, akafia huko mwaka wa 2008. Ngaahika Ndeenda ulirudi jukwaani mwezi wa Mei 2022, katika Jumba la Michezo la Taifa, baada ya miaka 45, na mwandishi wake aliyebaki aliishi kuisikia habari hiyo. Alifariki Mei 2025.

Baada ya mazoezi yale ya 1982, mtaalamu kutoka Sweden, Ingrid Björkman, aliwatafuta baadhi ya watu waliokuwako akawauliza waliona nini na walielewa nini. Majibu yao aliyatia katika kitabu kilichotoka mwaka wa 1989. Walioulizwa walikuwamo wakulima na wafanyakazi ambao hapana mwandishi wa gazeti aliyepata kuwauliza maoni yao juu ya mchezo wowote. Waliueleza Maitu Njugira kama watu wanavyoeleza kitu walichokiona.