Mota ya hatua

Mota ya hatua (huitwa pia mota ya stepa) ni mota ya umeme inayozunguka kwa vipande vidogo vilivyo sawa. Mota nyingi za aina hii hugawa mzunguko mmoja katika hatua 200, yaani nyuzi 1.8 kwa kila hatua. Hutumika katika printa na katika mashine za kuchonga mbao au metali zinazoongozwa na kompyuta, zikiwemo zile ambazo mafundi hujiundia wenyewe.

Utendaji

Ndani ya mota kuna rota yenye sumaku, iliyozungukwa na seti mbili za koili. Kifaa kiitwacho kiendeshi hugeuza mwelekeo wa mkondo katika koili hizo kwa zamu, na rota hufuata. Kwa kawaida kidhibiti huhesabu tu mapigo ambayo kimeyatuma. Hakipimi mahali rota ilipo. Kwa hiyo mota ikizidiwa na kuruka hatua, mashine haina habari, na sehemu zote zinazochongwa baadaye hukaa pembeni ya mahali pake. Kazi huharibika hata kama programu ilikuwa sahihi.

Kinachopunguza kasi

Nguvu ya mota ya hatua hupungua kadiri kasi inavyoongezeka. Sababu kuu ni induktansi, yaani tabia ya koili kupinga badiliko la mkondo. Aidha, mota inayozunguka huzalisha volteji yake inayopinga ile ya chanzo.

Kwa mfano, mota yenye induktansi ya milihenri 3.6 inahitaji ampea 2.8. Ikizunguka mara 600 kwa dakika, hupiga hatua 2,000 kwa sekunde, na mkondo wa kila koili hugeuzwa kila baada ya milisekunde 1. Kwa volti 24, kugeuza mkondo huo huchukua takriban milisekunde 0.84, hivyo koili haipati muda wa kutosha wa kuvuta kwa nguvu zote. Kwa volti 48 huchukua nusu ya muda huo.

Kuongeza kasi

Njia ya kwanza ni kuongeza volteji ya chanzo. Ukinzani wa mota iliyotajwa ni kama omu 1.1, kwa hiyo inaweza kuandikwa volti 3 tu. Namba hiyo huonyesha volteji inayotosha mota ikiwa imesimama. Kiendeshi kinachodhibiti mkondo huruhusu chanzo cha volteji kubwa zaidi bila kuunguza koili. Mafundi wengi hukadiria kikomo kwa kuzidisha 32 kwa kipeuo cha pili cha induktansi katika milihenri. Kwa mota hii ni takriban volti 61. Kiendeshi nacho kina kikomo chake: kile kidogo cha A4988 hakivuki volti 35.

Njia nyingine ni hizi:

- Kuchagua mota yenye induktansi ndogo. Kwa mota ya nyaya nane, kuunganisha koili sambamba hupunguza induktansi hadi robo ya ile ya muunganisho wa mfuatano, ingawa mkondo unaohitajika huongezeka.
- Kuongeza mwendo hatua kwa hatua. Mota inayoamriwa kuanza ghafla kwa kasi kubwa hutetemeka bila kuzunguka.
- Kupunguza mgawanyo wa hatua. Mgawanyo wa 16 kwa mizunguko 10 kwa sekunde hudai mapigo 32,000, wakati programu ya Grbl kwenye Arduino Uno hufikia takriban 30,000. Mgawanyo wa 8 hudai 16,000 tu.
- Kubadilisha skrubu. Skrubu inayosogeza meza milimita 10 kwa mzunguko badala ya 5 huongeza kasi maradufu, lakini nguvu ya kusukuma hupungua kwa nusu.
- Kulainisha reli na kunyoosha skrubu ili msuguano upungue.

Katika mkoa wa Kilimanjaro

Utengenezaji wa mashine una historia karibu na mji wa Moshi. Kiwanda cha Kilimanjaro Machine Tools (KMTC), kilichopo wilaya ya Hai, kilijengwa kwa ushirikiano na Bulgaria ili kutengeneza mashine za kazi za chuma na mbao. Kipo chini ya Shirika la Maendeleo la Taifa (NDC).

Kwenye miteremko ya Mlima Kilimanjaro, mgrivea hupandwa katika mashamba ya kahawa na migomba kwa ajili ya kivuli na mbao. Katika kuchonga mbao, kasi si suala la kuokoa muda pekee: kisu kinachozunguka haraka huku kikisogea polepole husugua ubao na kuuunguza.

Umeme ukikatika katikati ya kazi, mahali pa mashine hupotea. Swichi za mwanzo huiwezesha kurudi sehemu inayojulikana kabla ya kuendelea. Kapasita za chanzo cha umeme hubaki na chaji baada ya kuzimwa, kwa hiyo nyaya hazifai kuguswa mara moja.